Kutafuta Sauti ya Gitaa ya Mudogo Wangu

Mu Butembo yote, mutu wa kwanza kuwa na kile chombo ni mimi. Ninasema hivi kwa sababu ni kweli, na hata wale wasionipenda wanajua. Ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa Biblia ya mimbari. Kiko na kioo kidogo kinachowaka na vifungo vinne vya kukanyaga na muguu. Ndani yake waliweka mifano ya ampli za kila aina, kubwa na ndogo, za zamani na za leo, pamoja na baffle zake, yale masanduku ya spika, na mwangwi, na kila effet ambayo mupiga gitaa anaweza kuota. Unachomeka gitaa upande mumoja, upande wa pili inatoka sauti. Hakuna ampli ya kubeba tena. Niliagiza Kampala, kikapanda ku lori pamoja na mabati yangu ya biashara.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primaire, nikatoka. Leo niko na quincaillerie, duka la mabati na misumari, ya milango tatu hapa Bulengera, na wenye diplome wanakuja kuniomba kazi ya kupima misumari. Kitabu cha maelezo kilikuja na lugha saba, hakuna hata moja yangu. Nikakiweka chini ya muguu wa meza iliyokuwa inayumba. Chombo chenyewe nilijifunza na sikio.

Na sikio langu ni zuri. Watu wakipata chombo kama hiki wanataka effet zote siku moja, na sauti inakuwa kama mutu amevaa makoti tano. Mimi nilianza kwa kuzima. Nilizima mwangwi, nikazima ile inayozunguka, ile inayotetemeka, nikabaki na ampli moja. Halafu bouton ya kukwaruza, ile inayofanya gitaa ikasirike, niliishusha mpaka nusu ya pale nilipokuwa nikiipenda. Ukiwa peke yako nyumbani unapenda mukwaruzo mwingi. Ukiwa na watu wanaoimba, mukwaruzo unakula maneno yao. Nikapunguza besi ya chini kabisa, kwa sababu mu casque ya masikio inapendeza na mu kanisa inakuwa matope. Nikapunguza na ile ya juu inayouma meno. Hakuna aliyenifundisha. Vijana wa Butembo wanaonunua vyombo hivi sasa wanakuja kwangu, na ninawaambia jambo moja: zima.

Mudogo wangu alikuwa anapiga gitaa kuliko mimi. Sentensi hii sikuiandika mbio. Nilikunywa chai kwanza.

Alikuwa anaishi upande wa Mabalako, analima kakao. Kila Jumapili alipanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka Beni kupiga mu kwaya ya kanisa lake. Siku moja ya kuvuna, watu wa silaha waliingia ku mashamba, na hakurudi. Nyumba yake iliungua, gitaa ikaungua ndani, simu yenye nyimbo zake pia. Bibi yake wa ndoa alikuwa ameenda sokoni. Ndiyo maana yeye angali yuko.

Nilienda, nikamuzika. Nilinunua mbao za sanduku. Niliona seremala anapiga musumari wa inchi tatu mahali pa inchi mbili, ubao unapasuka, nikamukataza, nikatuma watu walete mingine. Hiyo ndiyo ninaikumbuka ya siku ile. Watu walilia. Mimi nilikuwa kama muguu uliokaliwa muda murefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Nilifikiri itapita njiani wakati wa kurudi Butembo. Haikupita. Nilifungua quincaillerie kesho yake saa moja, kama kila siku.

Mwaka ulipokaribia kutimia, familia ikakaa kikao Beni, mu nyumba ambayo mujane amepanga, ili tupange siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo watu wanasali, wanakula, na mujane anavua nguo nyeusi. Kwetu asipovua, matanga hayajaisha. Kila mutu anabaki nayo.

Mujane alikuwa amekaa ku mukeka, kitambaa cheusi ku kichwa. Alitusikiliza mpaka tukamaliza mambo ya muchele na mambo ya viti. Halafu akasema:

"Mi hapana toa hii nguo."

Shangazi yetu akashtuka. "Mama, mwaka unatimia!"

"Unatimia kwenu. Sura yake ningali nayo. Sauti ya gitaa yake njo inanitoroka. Nikiisikia mara moja tu, mara moja, natoa. Nisipoisikia, mutaniacha nayo."

"Binti, gitaa iliungua," shangazi akasema polepole, kama mutu anayemwelezea mutoto.

Watu wote waliangalia chini. Mimi sikuangalia chini. Nilisema, "Munipe wiki mbili."

"Wewe?"

"Mimi. Kile chombo changu kiko na sauti mia mbili. Yake haiwezi kukosekana mule."

"Eh! Na wewe unajua yote!"

"Yote, hapana. Hii, ndiyo."

Mujane aliniangalia. Hakucheka, hakushukuru. Alisema tu, "Nangojea, shemeji."

Wiki mbili nilifunga mulango wa chumba kila nilipotoka kazini. Nilikuwa ninaikumbuka ile sauti vizuri, ao nilifikiri hivyo. Ilikuwa kavu, fupi, na ndani yake kulikuwa na kitu kama mchanga kidogo. Nilijaribu ampli ndogo za zamani, moja moja. Nilijaribu kuziumiza, maana ampli yake ilikuwa ya kutengenezwa na fundi, na baffle yake ilikuwa imepasuka. Niliweka mukwaruzo wa kiasi cha chumvi mu yai. Nikabadilisha baffle ya mfano, nikasogeza micro ya mfano, ile ya kunasa sauti, karibu, nikairudisha mbali. Ndiyo, hata micro iko mule ndani, na unaisogeza na kidole.

Bibi yangu alipitisha kichwa mulangoni.

"Hii ni ya leo ao ya jana?"

"Ya leo."

"Ya jana ilikuwa inafanana na mbuzi. Leo mbuzi amekunywa maji."

Alifunga mulango. Mwisho wa wiki ya pili mbuzi alikuwa ameisha, na mu casque nilikuwa na sauti ambayo ningeapa juu yake. Ningeisikia njiani ningegeuka. Nilingoja nijisikie vibaya, hata kidogo. Hakuna. Nikaweka chombo mu begi, nikaenda Beni.

Mazoezi yalikuwa siku ya Ijumaa, mchana, kanisani kwa mudogo wangu. Matanga ilikuwa Jumapili. Kanisa lile halina baffle za kisasa. Liko na haut-parleur mbili za chuma ku ukuta, zenye mudomo mupana kama ua la boga, na groupe, jenereta ya umeme, inanguruma inje. Wamama wa kwaya walikuwa tayari wamesimama. Mujane alikaa ku benchi ya tatu. Nilichomeka, nikapiga noti ya kwanza.

Zilitoka nyuki.

Mama anayeongoza kwaya, mwanamuke munene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliweka mukono kiunoni. "Papa, umetuletea asali?"

Kwaya nzima ikacheka. Nilicheka nao. Nilisema mungoje. Na hapa ninajisifu tena, kwa sababu ninastahili: mwingine angesema chombo kimeharibika. Mimi nilisimama nikafikiri. Chombo kilikuwa kinaigiza baffle ya mbao. Halafu sauti iliyotoka mu baffle ya mbao ya uongo ilikuwa inapita mu mudomo wa chuma wa kweli. Baffle juu ya baffle. Nikatafuta mu kioo, nikazima ile ya uongo, nikabakisha ampli peke yake. Nikapiga tena. Nyuki wakaenda.

"Haya sasa!" mama wa kwaya akasema.

Tulipiga wimbo wao wa kufungulia. Sauti ilikuwa nzuri, wacha niseme ukweli. Lakini mahali pa kupanda, wamama walinyoosha shingo, na wawili wakanyamaza kabisa.

"Ni kawaida," mama wa kwaya akaniambia. "Tangu afe, nyimbo zote zimepanda. Hatuzifikii tena."

Nilitikisa kichwa. Nilifikiri ni huzuni inasema. Watu wakiwa na huzuni wanasema mambo ya namna ile.

Nikamugeukia mujane. Alikuwa amefumba macho muda wote. Akafumbua.

"Ni muzuri, shemeji."

"Ni yeye?"

"Hapana. Haiko yeye."

"Kunakosa nini? Uniambie, nitaweka."

Alitafuta neno. Alisugua kidole gumba na kidole cha shahada. "Hii inateleza. Yake ilikuwa inashika. Haiko ile waya."

"Waya gani?"

"Si ni ile ya frein ya kinga!"

Nilimuangalia. Nilimwambia, polepole, kwamba mudogo wangu hakuwa anapiga na waya ya kinga, ya breki ya baisikeli. Kila mwaka nilikuwa ninamutumia corde za kweli, nyuzi za gitaa za mu karatasi, paketi mbili, tatu. Yeye mwenyewe alikuwa ananipigia simu. Ananishukuru, kama mudogo kwa mukubwa wake: "Yaya, zimefika, wasingya." Nilikuwa ninawaambia watu mu quincaillerie: gitaa ya Beni inalia kwa ajili yangu.

Mujane akaangalia kwaya, kwaya ikaangalia chini. Ndiyo nikajua kwamba wote walikuwa wanajua.

"Zile zako zile tatu nene alikuwa anaweka," akasema. "Zile nyembamba alikuwa anagawia ba kwaya zingine. Alisema zinalia kama za mutu mwingine. Akatoa waya mu frein, akavuta."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia namna gani? Wewe njo ulimufundisha."

Hapo nilikaa ku benchi. Nilikuwa nimesahau. Sisi ni watoto wa Vuhovi. Gitaa yetu ya kwanza ilikuwa bidoni ya mafuta na ubao, na mimi, mukubwa, ndiye niliiba waya ya frein ku kinga ya baba, nikamuonyesha namna ya kuitatua. Baba aliteremuka mulima asubuhi bila frein, akaangukia mu shamba la maharagi. Tulipigwa sisi wawili. Mudogo wangu alipigwa huku anacheka. Miaka yote nilipokuwa ninapanda mu biashara, nilikuwa ninafikiri kwamba nimeiacha ile waya nyuma, na yeye pia.

Mbele ya kanisa, ku barabara, kuko fundi wa kinga. Nilimuomba waya moja ya frein.

"Ya mbele ao ya nyuma?" akaniuliza.

"Ya gitaa."

Hakushangaa. "Ya nyuma, basi. Ni ndefu. Ule wa kwaya alikuwa anachukua ya nyuma."

Nilikaa ku jiwe lake. Mikono ilikumbuka kabla yangu. Unakata kichwa cha waya, unatatua nyuzi moja moja, unachagua zile ambazo hazijavunjika mahali. Unafunga moja ku musumari, unaivuta mpaka inyooke, unaisugua na mushumaa. Haitanyooka yote, kunabaki mawimbi madogo, na ndiyo hayo yanakwaruza. Ncha yake inaingia mu kidole kama sindano. Iliingia mu changu mara mbili. Nilitoa corde zangu tatu nyembamba, nikafunga nyuzi za frein ku vipete vyao vya shaba, nikaanza kukaza.

Ya kwanza ilikatika kabla ya kufika noti yake. Ya pili pia. Nilipobakiza chache nikaelewa: waya ya frein haifiki pale corde ya duka inafika. Lazima gitaa nzima ishuke nusu sauti. Na nikakumbuka wamama na shingo zao. Nyimbo hazikuwa zimepanda kwa ajili ya huzuni. Zilikuwa zimepanda nusu sauti, kwa sababu wapiga gitaa waliokuja nyuma yake walikuwa na corde nzima za duka, kama zile ambazo mimi nilikuwa ninatuma.

Nilirudi ndani. Ku chombo nilizima karibu kila kitu. Ampli moja ndogo, mukwaruzo karibu hakuna. Mashine haikuwa na kitu cha kuongeza. Kazi yake ilikuwa kupisha. Kioo chenye kupima noti kiliniambia uzi wa pili unakosa kidogo. Nikauacha ukose.

Tulianza. Mahali pa kupanda, wamama walipanda bila kunyoosha shingo, wote, kama watu wanaoingia nyumbani kwao. Mama wa kwaya alisahau mukono wake wa kuongoza. Alibaki ameuinua hewani. Wawili walikuwa wanalia na hawakuacha kuimba.

Mujane hakulia. Wimbo ulipoisha alisema, "Rudisha."

Nikarudisha.

"Basi," akasema. "Jumapili natoa."

Na Jumapili, mbele ya watu wote, nikiwa ninapiga, alisimama, akafungua kitambaa cheusi, akakikunja mara nne vizuri kama nguo ya kuweka mu sanduku, akavaa cha kijani. Shangazi alipiga vigelegele. Baadaye mujane alinipitia, akasema, "Wasingya, shemeji," akaenda kugawia watu chakula.

Watu waliniambia kwamba siku ile nilipiga vizuri sana. Ni kweli, nilipiga vizuri. Niliangalia vidole vyangu vinafanya kile alichokuwa anafanya yeye, na ndani yangu nikangoja. Vidole vilikuwa vinauma pale waya iliingia. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichosikia tangu siku ya mbao, na kilikuwa ku ncha za vidole tu, hakikuingia zaidi.

Watu walipotoka, nilihifadhi ile sauti mu chombo ili isipotee. Kioo kiliniuliza jina la kuipa. Kiliweka mustari mutupu, na kialama kikawa kinawaka na kuzimika mwanzoni mwake, kinangoja. Nilishika kidole juu ya herufi muda mufupi. Halafu nikakubali bila kuandika kitu, na kikaipa namba peke yake, arobaini na saba.

Nyuzi za frein zingali ku gitaa yangu. Zimeanza kupata kutu.