Walisema Wanataka Kumchukua Mjukuu Wangu

Admin, ficha jina langu. Na nyinyi mnaosoma, kabla sijasema yangu: nyanya yako ulimwona lini mara ya mwisho? Krismasi? Ya mwaka gani? Aibu yenu. Mtu anazeeka akiangalia geti.

Niko na miaka sabini na kitu, naishi upande wa Mukurweini. Shule sikuenda, haya naandikiwa na msichana wa dukani, na akitoa siri nitamchapa hata kama ni mkubwa. Nakaa na mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake atuache. Alisomea mambo ya hoteli. Siku hizi kazi haitafutwi kwa kubisha mlango. Yeye hutuma makaratasi yake kwa simu, halafu anakaa hapo kwa migomba ambapo network inashika, anangoja.

Siku moja alienda kupeleka maziwa, akaacha simu kwa chaji. "Shosho, ikilia shika, useme narudi sasa hivi."

Ikalia. Sauti ya mama mmoja nisiyemjua, tamu. Nikasema mimi ni nyanya yake. Akaniuliza kama mjukuu wangu huamka mapema, kama anaweza kuhamia Nanyuki. "Tumempenda sana. Tunataka kumchukua wiki hii."

Nikawaka. "Kumchukua? Hamjakanyaga kwangu, hamjaleta hata mbuzi mmoja, ati mnachukua!"

Yule mama akacheka mpaka akakohoa. "Shosho, si ndoa, ni kazi! Tulimpata kwa mtandao."

Hapo nilielewa. Msiseme sikuelewa. Lakini niliona hii nyumba ikiwa na mimi na ng'ombe tu. Nikamwambia, "Alishapata kazi kwingine."

Mtoto aliporudi nikamdanganya ati ni wale matapeli wa kusema umeshinda zawadi. Akaifungia hiyo namba papo hapo. "Asante Shosho, wangetumaliza." Ati asante!

Sasa ameacha kutuma makaratasi. Anasema labda yeye hafai, na anasema hivyo akinikorogea uji. Msichana wa dukani anasema namba iliyofungiwa hufunguliwa, lakini ni lazima mwenye simu aambiwe kwa nini.

Niambieni, wajukuu: niseme aende akinichukia, ama ninyamaze abaki akinipenda? Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Na wewe, ukienda kwa nyanya yako, weka simu mfukoni. Mwulize anaogopa nini, na ukae mpaka ajibu.