Tarehe Sita, Mwezi wa Kumi na Moja

Walisema sitaweza kuendesha hata kibanda cha kuchapa barua. Mama mwenye duka la vitambaa hapa mtaani Nateete, ambaye mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani, alinieleza bila kuficha: waliokwenda kutafuta kazi Uarabuni, kama mimi, hurudi na sanduku la magurudumu na maneno mengi, baada ya miezi sita sanduku limeuzwa, maneno yamebaki. Hata hivyo alinikopesha kona ya duka, meza na waya wa umeme. Jirani yetu, polisi mstaafu kutoka kaskazini ambaye sote tunamwita Afande, akanikopesha printa na viti viwili. Kompyuta ilikuwa yangu. Niliinunua kwa mshahara wa kulinda mlango wa hoteli ya watu wengine, na diploma ya kompyuta niliisomea huko huko siku za mapumziko, wenzangu wakikoroma. Diploma hiyo nikaitundika ukutani juu ya meza, ndani ya fremu ya kioo.

Mwezi wa pili tangu nifungue, nilipata kazi ya maana. Kampuni moja ya ulinzi ya mtaa wa Bukoto ilitaka fomu za walinzi wapya zichapwe kwangu. Sikuchapa fomu ya kawaida. Nilitengeneza yenye visanduku, na kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kilijipanga chenyewe: unaandika 25/3 na mwaka, unabonyeza kitufe cha Tab, mashine inaandika siku, jina la mwezi na mwaka kamili. Watu walisimama kutazama. Nami huchapa bila kuangalia skrini. Vidole vinajua njia. Hilo nililisema kwa kila mteja, aliyeuliza na asiyeuliza.

Afande naye aliomba kazi ya ulinzi kwenye kampuni hiyo. Nilimchapia fomu yake mwenyewe. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani, akaweka sahihi kwa kuniamini.

Baada ya wiki moja alirudi nayo mkononi. Hakuketi. Kwenye kisanduku cha tarehe palikuwa na duara la kalamu nyekundu.

"Soma hapa," alisema. "Nani amezariwa mwezi ya sita?"

Kitambulisho chake kilisema tarehe sita, mwezi wa kumi na moja. Fomu yangu ilisema tarehe kumi na moja, mwezi wa sita. Meneja wa kampuni alimwambia ameghushi, na kwamba mtu anayeghushi hapewi lango la mtu alinde.

"Miaka thelathini nimevaa unifomu, hakuna mtu ameniita mwongo," Afande alisema. "Leo karatasi yako imeniita."

Mama mwenye duka alikuwa anakata kitambaa. Hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, hiyo diploma ukutani nayo ina tarehe? Hebu tuikague."

Hasira iliyonishika bado ninayo ninapoandika haya. Niliketi nikaijaribu ile fomu, safari hii macho kwenye skrini. Nikaandika 25/3: sawa. 14/8: sawa. 6/11: ikageuza. 2/9: ikageuza. Mashine ilikuwa imepangwa kwa desturi ya watu wanaotanguliza mwezi, mahali ambapo sijakanyaga na ambapo hakuna anayemjua Afande. Kuanzia tarehe kumi na tatu ilijirekebisha yenyewe, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Lakini siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi ilidanganya, tena kwa herufi safi. Nami, bingwa wa kutoangalia skrini, niliipa nafasi.

Nikabeba kompyuta hadi Bukoto, Afande nyuma yangu, viatu vimeng'aa. Meneja alisema kompyuta haikosei, watu ndio hukosea. Nikamwomba ataje siku yake ya kuzaliwa. Akaandika mwenyewe, tarehe nne mwezi wa kwanza, akabonyeza Tab. Mashine ikamzaa mwezi wa nne.

Kisha akasema nirekebishe fomu zote, na Afande aripoti Jumatatu. Pole hakuisema. Nilitaka kuidai pale pale, ila Afande alinishika mkono: "Twende. Kazi nimepata. Hiyo maneno yake abaki nayo."

Fomu tisa zilikuwa zimegeuzwa. Nilizirudia zote bure, nikakivunja kile kisanduku cha kujipanga. Mahali pake niliweka vitatu: siku kwa namba, mwezi kwa maneno, mwaka. Hivyo ndivyo tunavyotaja tarehe kwa mdomo, na kwa mdomo sijasikia mtu akimgeuza Afande. Kampuni iliendelea kuniletea kazi, na wateja wake wakafuata.

Siku niliyonunua printa yangu na kukodi chumba barabarani, nilirudisha kila nilichokopeshwa. Printa kwa Afande, ikiwa na wino mpya, na viti vyake nimeviosha. Meza na waya kwa mama mwenye duka. Nilimchapia hati ya makabidhiano, kwa sababu mimi ni mtu wa karatasi. Akavaa miwani, akaisoma yote polepole, kidole chake kikasimama kwenye tarehe.

"Hii ni ya nne mwezi wa tisa," akauliza, "au ya tisa mwezi wa nne?"

"Soma, Mama. Mwezi umeandikwa kwa maneno."

Akasoma tena, akaweka sahihi. Kisha akaniambia diploma yangu nimeisahau ukutani kwake.