Karte ya Madame Victorine

Mbele bantu baniseme, nitajisema miye mwenyewe: niko na wivu. Wivu ya bwana naijua, wivu ya kikwembe kipya cha jirani naijua pia, lakini ile mwaka ya 1975 nilimuonea mwenzangu wivu juu ya tablo, kile kibao cheusi cha kuandikia batoto. Na haya sikuona.

Jina yangu ni Habiba, binti ya Amadi mushonaji wa Kamalondo, mu Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kufundisha mahali pa wengine. Mwalimu akigonjwa, akifiwa, akizaa, Direkta anatuma muntu kwetu: "Ambia Habiba akuye kesho." Miaka tano, nyumba saba za masomo. Ku karatasi banaandika intérimaire. Ku Kamalondo banasema tu "mwalimu wa kujaza kiti". Baba yangu, akipima muntu suruali, anapenda kusema nguo ya kuazima haisitiri matako. Miye miaka tano nilikuwa navaa za kuazima.

Kile nilitafuta kilikuwa kimoja: matricule, ile nimero Serikali inapatia mwalimu wa kweli. Ukiwa nayo, darasa ni yako, hakuna wa kukutoa. Lakini kwanza ensipekteri, mukaguzi wa Serikali, akuye, akukute unafundisha, aandike mu ripoti yake: huyu anafaa. Na bahati yangu ni ya kenge. Ensipekteri akifika Katuba, nilishatoka kule juzi. Akifika Ruashi, niko Kamalondo.

Mwezi wa tatu banipatia darasa ya tano, darasa ya Madame Victorine, juu ya vile alienda kuzaa. Serikali ilikuwa imekataza jina ya kikristo, kwa hiyo mbele ya Direkta tunasema Citoyenne Mwape, ni kusema mwananchi Mwape, kisha mulango ukifungwa kila muntu anarudi ku Victorine. Victorine, Victorine, Victorine! Batoto hamsini na mbili, na mudomo mumoja. Nikianza hesabu: "Madame Victorine anaanzaka na wimbo." Nikisahihisha na kalamu ya bic nyekundu: "Madame Victorine anatumiaka ya kijani, nyekundu inatisha." Banasema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Miye jembe banipatia siku ya kwanza, na kila saa bananikumbusha mwenye shamba.

Ile siku ya kwanza nilikuta ku meza kaye moja, daftari kama ya batoto. Victorine aliifunga na gazeti, akakaza na uzi mwekundu, juu akaandika na ule mwandiko wake wa kama kuchapwa na mashini: Kwa Habiba. Nikawaza: haya, anataka kunifundisha kazi. Miye sili mu sufuria ya mwenzangu. Nikaisukuma chini ya kabati, nyuma ya fagio, bila kufungua.

Lakini karte, ile ramani ya inchi, ningeisukuma wapi? Mbele ya kuondoka alichora Zaire nzima ku nusu ya tablo, upande wa dirisha, na chaki za rangi. Mito ya buluu. Jimbo yetu ya Shaba, ya manjano. Reli nyekundu inatoka Sakania, inapita kwetu Lubumbashi, inapanda Likasi mpaka Kolwezi. Hata Kilwa ya kwetu iko pale pembeni ya ziwa, na kamutumbwi kadogo. Na chini ku kona, herufi kubwa: MUSIFUTE.

Musifute! Kama vile niko mufagiaji. Miezi mbili nilifundisha ku nusu ya tablo. Dikte, yale maneno batoto bananakili kutoka tablo, haitoshei, hesabu zinapanda juu mpaka napanda ku kiti. Mukono yangu ikisogea tu karibu na Kisangani, darasa yote inapiga kelele: "Madame, angalia!" Kulikuwa Mwansa mumoja, anakaa nyuma kabisa, kila dikte yake ni takataka, maneno hayana kichwa wala mukia. Nilimupiga vidole na rula mara nyingi, na kila mara nilikuwa nawaza: kwa Victorine ungeandika vizuri, mushenzi wewe.

Sasa sikiliza ile siku ya Tano, ndiyo Ijumaa, mwezi wa tano. Baridi ilishaanza, moshi ya cheminée, ule munara wa kiwanda cha shaba, ilikuwa imelala juu ya manyumba. Tulipandisha bendera, tukaimba zile nyimbo za chama na kupiga mikono, tukaingia. Amida, mutoto mukubwa wa benchi ya kwanza, hakungoja hata nikae.

"Madame, jana tulienda kuona mutoto ya Madame Victorine!"

"Vizuri."

"Iko munono! Na Madame alituuliza: 'Karte iko bado? Habiba hakuifuta?'"

Damu ilinipanda mu kichwa. Alichunga mimba miezi tisa, iko kitandani, mutoto iko ananyonya, na bado anachunga tablo! Hakuuliza Habiba ni muzima. Hakuuliza Habiba anakula nini. Anauliza karte. Roho iliniuma kama jino.

"Amida," nikasema, "niletee kitambaa na maji."

Aliniletea, masikini, bila kujua. Nilianza na Sakania. Nikafuata reli, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, nikala yote. Mito ikashuka chini ya ukuta, maji ya buluu. Kamutumbwi ka Kilwa nikakamaliza na kidole. Kufika ku MUSIFUTE nilifuta polepole, herufi moja moja. Bandugu, sitabadanganya: ilikuwa tamu.

Nikageuka. Hakuna aliyepiga kelele. Amida analia bila sauti, kamasi mpaka ku mudomo.

"Toeni kaye za dikte," nikasema.

Hatukufika mustari ya pili. Direkta wetu, Citoyen Chileshe, muntu munene ambaye sikuwahi kumuona anakimbia, aliingia anakimbia.

"Citoyenne Habiba! Ensipekteri iko ku mulango. Anataka darasa ya tano. Leo ni siku yako, mama! Anaulizaka jeografia tu, na bahati nzuri uko na ile kar..." Akaangalia tablo. Ilikuwa nyeusi, inatoa maji. "Iko wapi?"

"Nilifuta."

"Ulifuta?"

"Nilifuta, Direkta."

Alijishika kichwa na mikono mbili, kama bibi wa matanga.

Ensipekteri aliingia na abakosti, ile koti ya bakubwa ba Serikali, ya kijivu, sakoshi chini ya kwapa. Batoto balisimama, balisalimia, balikaa. Alivuta kiti, akatoa karatasi, akatoa bic. "Jeografia," akasema. "Nani atanionyesha shaba yetu inapita njia gani?"

Kuonyesha wapi? Miye nilikuwa nasimama karibu na lile tablo tupu, kitambaa iko bado mu mukono. Miaka tano nilingoja huyu muntu. Huyu yeye sasa, na miye mwenyewe ndiye nilifuta chakula chake.

Amida alisimama. Hakuomba ruhusa. Alipita mbele yangu, akachukua chaki nyeupe, juu ya vile za rangi zilishaisha, na akaanza kuchora. Mupaka kwanza, mukia wa Sakania, kisha reli. Akafika Kolwezi, akapatia mwenzake chaki. Ule akashusha mito. Mwengine akaweka ziwa. Bakakuya benchi kwa benchi, bila kusukumana, kila muntu na kipande chake, mpaka Zaire ikarudi pale mahali pake. Ilikuwa nyeupe, na imepindika kidogo upande wa Bandundu, lakini iko nzima. Hata mutumbwi. Na wa mwisho, katoto ka kike kafupi, alijinyosha, akaandika ku kona: MUSIFUTE.

Ensipekteri alicheka mpaka akatoa miwani.

"Citoyenne, miaka kumi na mbili nazunguka masomo. Batoto kuchora inchi yao bila kitabu, bila kuangalia mahali! Nani alibafundisha hii?"

Neno lilikuwa tayari ku ulimi: miye. Neno dogo tu. Matricule ilikuwa pale, ku ncha ya bic yake, niliiona. Nikaangalia batoto, nikingoja kuona macho ya kunishitaki. Sikuona. Hamsini na mbili balikuwa bananiangalia na kutingisha kichwa kidogo kidogo, kama bananisukuma: sema, Madame, sema. Sikuelewa. Na Amida alikuwa na chaki ku vidole, machozi haijakauka ku mashavu. Uongo ilinikwama.

"Madame Victorine," nikasema.

"Nani?"

"Citoyenne Mwape. Mwenye darasa. Iko ku konje, likizo ya kuzaa. Miye najaza kiti."

"Aaa," akasema ensipekteri. Akaandika sana, ukurasa muzima, na midomo inacheza. Kisha akasoma kwa Direkta: Citoyenne Mwape, mwalimu wa mufano, apongezwe. Kwa miye, mustari mumoja: intérimaire anashika darasa vizuri, aendelee kuwa intérimaire. Musinisifu, sikusema kweli juu ya roho muzuri. Nilishindwa tu kudanganya. Na mbele hajafika ku mulango, nilishajuta.

Saa sita batoto balitoka. Amida alibaki nyuma, anavuta mukono ya sakoshi yake.

"Madame, juu ya nini hukusema?"

"Kusema nini?"

"Ile Madame Victorine alituambia." Akaangalia chini, akakimbia.

Nilienda kuchukua fagio, nikaona ile gazeti na uzi mwekundu, na vumbi ya miezi mbili. Nilikata uzi na meno. Kaye yote ilikuwa ya batoto, mumoja mumoja. Amida, usimukemee mbele ya wengine, mama yake alikufa mwaka jana. Sahihisha na kijani. Nikageuza. Mwansa, macho yake haione mbali, hata kama anakataa. Umukalishe mbele, dikte yake itakuwa muzuri. Nilikaa chini. Vile vidole nilivyovipiga!

Ku ukurasa wa mwisho aliandika hivi: "Habiba, karte usifute. Ensipekteri anakuyaka mwezi wa tano na anaulizaka jeografia tu. Nilikuchorea na nguvu ya mwisho, miguu ilishavimba. Batoto banaijua kwa kichwa, na nilibaambia: akiuliza, museme ni Madame Habiba alitufundisha. Miye matricule niko nayo tayari. Nilijaza kiti miaka minne, najua ile baridi. Chukua yako."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikasema kwa sauti, peke yangu mu ile darasa tupu: "Victorine, uko mubaya!" Juu nilishamuonea wivu ya mwandiko, ya wimbo, ya batoto, ya tablo, na sasa ananiongezea ingine. Hata roho muzuri anayo kunipita. Nililia na hasira, na ile hasira sikujua nimutupie nani, juu mule ndani hakukuwa muntu mwengine.

Kisha nilishika benchi ya Mwansa, ile ya nyuma kabisa, nikaikokota mpaka mbele, mita moja na tablo. Karte nyeupe sikuigusa. Nilifagia vumbi chini yake, nikafunga mulango, nikaenda kuona mutoto.