Chai ya Mashua ya Musyimi

Mume wangu Musyimi ni nahodha. Mkiniuliza nahodha wa wapi, nitawaonyesha mchanga. Mto wetu huku chini ya Kathonzweni hupita wiki chache mvua ikinyesha, kisha unaenda zake na kutuachia mchanga upana wa viwanja viwili vya mpira. Mwaka huu haukuja kabisa, wala mwaka jana. Lakini kila asubuhi Musyimi hunywa uji, huvaa jaketi lake la kuelea, lile la rangi ya machungwa, na kwenda kazini.

Kazini ni karakana ya mashua iliyoko ukingoni. Ilianzishwa zamani za mkoloni na fundi mmoja Singh wa reli, kutoka Makindu, aliyechoka kungoja maji yapungue ndipo avuke. Alimfundisha babu yake Musyimi kuunda mashua, babu akamfundisha baba, na ujinga huo ukarithiwa mpaka ukafika nyumbani kwangu. Juzi afisa fulani alikuja akasimika kibao cha kusema hapa ni mahali pa kihistoria. Mbuzi wamekipenda sana, wanajikunia hapo.

Mabaharia ni watano, na sijawahi kuona watu wenye shughuli nyingi hivyo bila kazi. Mtu akija kuvuka mchanga kwa miguu yake mwenyewe, Mutie, ambaye ndiye mkubwa wao kwa sauti, humzuia: "Ngoja ngoja, usipitie hapo, hapo ni kina!" Na mtu mzima mwenye gunia la pojo kichwani huzunguka. Mimi mwenyewe nimeshazunguka mara mbili, nikajichukia njia nzima.

Lakini kazi yao kubwa ni kunywesha mashua. Mbao zikikaa juani husinyaa, nyufa zikafunguka, na siku mto ukija mashua huzama na abiria. Dawa yake ni kuziba kwa nyuzi za mkonge na lami, halafu kumimina maji ndani kila siku ili mbao zivimbe na kubanana. Ukambani, jamani! Hapa ambapo maji ya kuoshea mboga huosha vyombo, kisha huenda kwa mpapai. Maji yangu ya kuoga yalipoanza kuelekea karakanani nilinyamaza. Nilisema ni msalaba wangu.

Kisha Yvonne, binti yetu, akaleta habari kwamba Kanyi, kijana anayeuza vipuri vya magari kule Salama, anataka kumuoa. Kanyi hana neno. Mwenye maneno ni mama yake, Wangui. Watu wao walitoka Nyeri wakatulia Salama miaka mingi, na mama huyo alikuwa amesema wazi kwamba mwanawe hataoa mahali ambapo watu wanaishi kwa mitungi. Angekuja mara moja tu, aone kwa macho yake, ndipo aamue. Yvonne alilia wiki nzima. Nikamwambia, mwanangu, utaolewa, hata ikibidi nilete maji kwa mgongo.

Na yakaja. Punda wa jirani yetu Kyule alikwenda kisimani mara mbili, akaleta mitungi minane. Nikaipanga nyuma ya jikoni, nikaifunika kwa magunia.

"Baba Yvonne," nikamwambia Musyimi, "hii maji ni ya wageni. Usiiguse."

"Kwani mimi ni mtoto?" akajibu, ameudhika kweli.

Jumamosi asubuhi nikaenda kuazima viti kanisani. Niliporudi, mitungi yote minane ilikuwa imelazwa chini, mitupu, na Musyimi amesimama kando yake.

"Usipige kelele, Mama Yvonne. Kuna ufa imefunguka pale chini, hata ukucha inaingia. Nimekopa tu."

"Umekopa! Na hiyo mashua italipa lini?"

"Mto ikikuja."

Sijawahi kumpiga mume wangu, mimi nimeokoka. Siku hiyo wokovu ulinitoka nikaona ukienda. Yvonne akapigiwa simu: wageni wamefika sokoni Kathonzweni. Kisimani ni mwendo wa saa mbili. Basi nikabeba sufuria kubwa na kitambaa cha kuchujia maziwa, nikateremka karakanani mbio, nikaanza kuchota maji ndani ya mashua. Musyimi alisimama hapo na jaketi lake, akiyaangalia yanavyotoka kana kwamba ninamtoa yeye damu.

"Acha kidogo ya kufunika ufa," aliniomba. Nikazamisha sufuria tena.

Nikachuja, nikachemsha, nikatia tangawizi mpaka nikapiga chafya. Chai ikanuka lami kama barabara mpya.

Wangui aliketi mkoba mapajani. Mumewe Thuo, mzee mpole, akaketi karibu naye, na Kanyi akajificha nyuma yao. Tukaomba. Wangui akanywa funda moja, akakishusha kikombe. Thuo akanywa, akachungulia ndani ya kikombe.

"Hii chai iko na nguvu," akasema.

"Mama Yvonne," Wangui akaniuliza kwa upole ulionitisha, "hapa maji mnatoa wapi?"

Nilikuwa na uongo wangu tayari, mzuri kabisa, wa tangi jipya. Lakini Musyimi hajui kudanganya, ni ugonjwa.

"Ni ya mashua yangu," akasema. "Mama Yvonne ameichota kidogo, lakini haina neno, atairudisha."

Wangui akasimama, kikombe mkononi. Nilijua basi, mambo yameharibika.

"Nipeleke nione," akasema.

Tukateremka sote. Mabaharia wanne, majaketi yamefungwa mpaka kidevuni, walikuwa wameinamia mashua zao wakizilowesha kwa makopo. Mbele yao hapakuwa na mto, ni ng'ombe mmoja tu akivuka mchanga. Wangui alipokaribia ukingo, Mutie akapaza sauti: "Mama! Pole pole, hapo ni kina!"

Wangui akaruka nyuma. Akauangalia mchanga. Akamwangalia Mutie. Kicheko kikamshika, akacheka mpaka akaketi juu ya mashua yetu na nguo zake nzuri. Thuo alicheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Alipopata pumzi akamuuliza Musyimi, "Baba Yvonne, huu mto ilikuja lini mwisho?"

"Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja."

"Na wewe unaweka maji kila siku?"

"Kila siku."

"Na isipokuja?"

Musyimi akawaza sana. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Basi tutangoja hiyo ingine," akasema. "Ikikuja, ipate tuko tayari."

Wangui akamgeukia mwanawe. "Kanyi, wewe umeacha vyuo viwili na makanisa matatu. Oa hapa. Hawa watu hawajui kuacha kitu." Akamtazama Yvonne. "Na wewe uko na kichwa ngumu kama ya babako?"

"Inashinda yake, mama."

"Basi tutaleta mbuzi."

Nililia pale pale, sikuona haya, na Yvonne akanishikilia akilia pia. Musyimi alikuwa ameinama, anapima maji yaliyobaki kwa kidole.

Ndipo Wangui akainua kikombe chake, karibu kimejaa, akaimwaga chai yote ndani ya mashua, taratibu, juu ya ufa. Thuo naye, aliyeshuka na chake, akamwaga. Musyimi akavua kofia. Mpaka leo anatoa ushuhuda kanisani jinsi wakwe walivyoiheshimu mashua yake, nami sina moyo wa kumwambia kwamba watu wale walikuwa wanatafuta pa kuimwaga ile chai tangu tukiwa nyumbani.