Shangazi Asindikiza Wageni

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika wodi ya wanawake mjini Kitale. Shangazi yangu alikuwa amepasuliwa tumbo Jumamosi kuondolewa uvimbe wa saratani, na tangu hapo alikuwa amekataa katakata kutembea.

"Mama, ukilala tu hivi damu itaganda miguuni," muuguzi alimsihi tena.

"Na nyuzi zikikatika, ni wewe utanishona?"

Ndipo wakaingia akina mama watatu wa kanisa lake, kutoka Naitiri. Waliomba, wakamchekesha, wakaacha uji kwenye themosi. Walipoinuka kuondoka, shangazi alishusha mguu mmoja sakafuni, kisha wa pili.

"Shangazi, unaenda wapi?"

"Si nawasindikiza? Ati watu watoke Naitiri mpaka hapa, niwaagie kitandani kama mtu hana adabu?"

Nilimshika kiwiko. Alitembea amejikunja, mkono mmoja tumboni, akapita vitanda vyote. Mlangoni alijinyoosha, akawapungia mpaka wakapotea.

"Kumbe dawa ni wageni, bana!" muuguzi akasema.

Sisi humhimiza mgonjwa atembee kwa faida yake. Shangazi hakuona kama yeye ni sababu ya kutosha. Kwa wageni, aliyabeba maumivu yote akitabasamu.

Kesho yake asubuhi nilifika wodini, nikakaa kidogo kama mgeni, kisha nikachukua mkoba wangu. "Haya shangazi," nikamwambia, "mimi nimeenda."