Simu ya Bei ya Kati Ukweni

Nilipoitoa kwenye boksi nilipiga kelele pale ghalani Masoro, hapa Kigali, ninapofanya kazi, hadi dereva wa foklifti akashuka kuniuliza kama nimeumia. Nimeumia wapi! Simu mpya! Si zile za wakubwa, ambazo kwa bei yake unapata ng'ombe na ndama wake, wala si kitochi nilichokuja nacho kutoka Tanzania. Ya kati, kama mimi mwenyewe.

Wiki haikuisha nikawa nimeshaijua tabia. Chaji inakaa siku mbili, na mimi ni muongeaji haswa. Kamera, ukiwa juani, inakupiga picha mpaka unajipenda. Ukiingia ndani uso unageuka ugali ulioingia moshi. Spika ina sauti ya muuza samaki. Ila joto! Ikichemka inaganda, haisikii kidole wala kitufe, na kamera inajifunga bila kuaga.

Na simu hiyohiyo ndiyo niliyojitapa nayo kwa mama. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaoa hapahapa Kigali, na mama yuko kwetu Muheza, amevunjika mguu, hata uani anafika kwa kushikwa. Kuhusu mkwe alishasema neno lake: "Radhi yangu simpi mtu nisiyemwona. Nimwone akitoka kwao, basi." Mdogo wangu akakosa raha, maana kuoa bila radhi ya mama yeye hawezi. Nikamwambia, "Tulia wewe, nina simu." Mdomo huu utaniponza siku moja.

Siku ya gusaba, yaani ya kwenda kuomba mchumba, tukafika kwao binti, Masaka ya hapahapa Kigali, si ile ya Uganda. Mahema mawili yanaangaliana, sisi huku, wenyeji kule, jua linachoma kweli. Nikampigia mama kwa video, nikaketi mstari wa mbele, nikawa namtafsiria Kinyarwanda neno kwa neno kama mtangazaji wa mpira. Raha niliyokuwa nayo! Nilimweleza kila kitu isipokuwa kimoja: kwamba wenyeji hukataa makusudi, kwa utani, mpaka waombaji watoke jasho. Nimeishi hapa miaka, nikasahau kwamba kuna mtu hajui.

Msemaji wa wenyeji, mzee mwenye fimbo, akatuambia tumechelewa, binti ameshaingia utawa. Nikatafsiri hivyohivyo.

"Utawa?" mama akasema, na hema zima likasikia. "Na suti mwanangu ameshanunua?"

Nikabonyeza nipunguze sauti. Imeganda. Nikabonyeza tena, wapi! Mzee akaongeza kwamba hata binti angekuwepo, ukoo wetu haujulikani. Hilo nililimeza, lakini jirani yangu wa kiti, mwanamke mmoja mchangamfu, akalisema kwa Kiswahili karibu kabisa na simu, akidhani ananisaidia.

Mama akalipuka.

"Baba unayesema hapo, nisikilize! Mimi ndiye mama yake. Nimemlea peke yangu kwa kuuza machungwa. Mkono wake haujui kupiga mtu, na kupika anajua. Kama mtoto amekwenda utawani kweli, niambieni nilie yaishe. Kama yupo, nawaomba, msinifiche."

Nusu ya wale watu wamekulia Tanzania au Uganda, hakuna kilichowapita. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na simu yangu. Msemaji wetu, aliyejiandaa na mafumbo ya saa nzima, akaikunja karatasi yake akairudisha mfukoni.

Yule mzee akashusha fimbo. Kumbe naye alikulia Ngara, kwetu Tanzania.

"Miaka yote nakataa wanaume wenzangu," akasema kwa Kiswahili. "Mama mwenyewe akiomba hivi, nina mdomo gani wa kumkatalia? Mtoeni binti!"

Vigelegele! Ngoma! Mimi nimesimama juu ya kiti, viatu sijui viko wapi. Binti akatokea mlangoni na wenzake, mushanana yake, lile vazi lao la sherehe, imefungwa begani, anatembea polepole. "Mama, huyo! Anatoka! Mtazame!"

Kamera ikajifunga hapohapo. Joto.

Niliitukana ile simu matusi ya Kitanga yote. Nikaibana katikati ya chupa mbili za soda baridi, nikaipepea kwa kitenge, nikaiomba kwa jina la Bwana. Sauti tu ndiyo iliyobaki.

"Mbona giza?" mama akauliza. "Mwanangu, ndiyo nimemkosa?"

Nikalia mbele za watu, sikujali. Mdogo wangu alikuwa pembeni, ameinamisha kichwa.

Binti alikuwa anasalimia ukoo wetu mmoja mmoja. Aliponifikia akaangalia zile chupa, akaangalia machozi yangu. "Ni mama," nikamwambia. "Hakuoni." Akapiga magoti kwenye nyasi na nguo zake zote zile, akaisogelea simu.

"Shikamoo, mama."

Kigali watu hawaamkiani hivyo. Alikuwa amejifunza, na hakuna kati yetu aliyemfundisha.

 

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Umekula lakini?"

"Bado, mama."

"We mtoto wa kiume, uko wapi? Mkeo hajala na wewe umesimama tu? Mpeleke akale. Radhi nimeshatoa."