Mkono Uliokuwa Mpole

Mimi natumia mkono wa kushoto, na kwetu hilo si jambo dogo. Chakula chetu ni cha sahani moja: bundu, yaani ugali wa muhogo, katikati, sombe la majani yake pembeni, na mikono ya watu inayokutana hapo. Mkono wa kushoto haualikwi. Nilipokuwa mdogo mama aliufunga kwa kitambaa, kisha akanifundisha kuukalia. Nilikula utoto wangu wote nimekalia mkono kama kuku anayeatamia, na nilipoinuka ulikuwa umekufa ganzi, naupunga hewani ili damu irudi huku ndugu zangu wakinicheka. Shuleni mwalimu aliushughulikia kwa rula. Sikukaa shuleni sana. Wako wanaosema rula ndiyo iliyonifukuza, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kujua malori ya mahindi yanakwenda wapi.

Yalikwenda Kasese, nami nikayafuata. Nimepakia magunia Kitswamba, nimeosha pikipiki Kasese mjini, nimebeba mizigo ya wazungu kutoka Ibanda mpaka huko mlimani ambako matope humeza buti. Popote nilipochoka, nilirudi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kwa dada yangu. Dada aliolewa na mwanajeshi aliyetoka mbali, upande wa kaskazini, asiyejua Kikonzo, lugha yetu, hata cha salamu. Kwa hiyo nyumba ile iliongea Kiswahili: cha shemeji kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha, cha mama yangu kilivunjika katikati kikaungwa kwa Kikonzo, changu kilikuwa cha barabarani. Dada alivielewa vyote na kujibu alivyotaka.

Katika miaka ile simu za kugusa zilipoanza kuonekana mikononi mwa vijana wa Bwera, dada akajifungua binti. Kwetu mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa, hata ukiliita jina lake sokoni, nusu ya soko itageuka. Kwa hiyo sioni haja ya kuliandika. Alipozaliwa nilikuwa mlimani. Nilisikia tu kwamba alikuwa mkubwa, akatoka kwa shida, mkunga akamvuta. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amekaribia nusu mwaka, ameegemezwa mito mkekani, mashavu yake kama ya mgeni rasmi. Nikamnyooshea kipande cha ndizi mbivu. Akakipokonya kwa mkono wa kushoto.

Nikampa kijiko. Kushoto. Kofia yangu. Kushoto. Ufunguo wa mlango. Kushoto, moja kwa moja mdomoni.

"Dada!" nikapiga kelele. "Huyu ni wangu! Nimepata mrithi!"

"Mrithi wa nini, kaka? Wewe una nini cha kurithiwa?"

"Mkono."

Mama alikuja kutoka kwake Nyakiyumbu na mfuko wa maharage. Hakuwa ameutua chini alipomwona mjukuu wake akinivuta sikio kwa kushoto. Akanitazama mimi, si mtoto.

"Nilidhani wewe ndiye ulikuwa wa mwisho," alisema, kama mtu aliyekuta kiwavi mwingine shambani baada ya kumaliza kupiga dawa.

Shemeji aliporudi kutoka kazini alipewa taarifa. Alivua kofia, akachuchumaa mbele ya binti yake, uso kwa uso.

"Mkono ya kulia! Nyoosha!"

Mtoto akatabasamu, akamchapa pua kwa kushoto.

"Shemeji," akaniambia bila kugeuka, "hii si mchezo. Saluti iko ya kulia. Na bunduki inatupa maganda ya risasi upande ya kulia. Ukishikia kushoto, maganda yote inakuja kwa uso."

"Afande, huyu hata meno hana."

"Mafunzo inaanza mapema."

Mama na mkwe wake walishika adabu ya ukweni. Hawakuzungumza ana kwa ana ikiwa kulikuwa na mtu wa kupitishia maneno. Siku hizo waliyapitishia kwa mtoto.

"Mwambie baba yako," mama akamwambia mjukuu, "dawa ya mkono huo iko. Ni kitambaa."

"Mwambie nyanya yako," afande akamjibu mtoto, "ruhusa imetolewa."

Mtoto alimtazama mmoja, kisha mwingine, akatoa povu la mate.

Basi tukagawanyika. Mimi nilikuwa wakili wa kushoto, wao mawakili wa kulia, na kila chakula kilikuwa kikao. Niliwakumbusha ganzi yangu. Mama akanikumbusha kwamba ganzi haijaua mtu. Dada hakuwa upande wowote. Alikuwa akimvalisha mtoto, akasema kana kwamba anazungumza peke yake:

"Mkono wa kulia hauna ugomvi. Unauingiza shatini unaingia tu. Wa kushoto ndio unapigana na shati."

"Unaona?" mama akadaka. "Wa kulia una adabu tangu tumboni."

Tukacheka sote. Hata mimi, ingawa nilikuwa nimeshindwa hoja.

Siku ya kitambaa ilifika. Mama alichana ukingo wa kitenge cha zamani, akaufunga mkono wa kushoto wa mtoto tumboni, taratibu, kwa fundo lile lile nililolijua. Mimi nilikaa karibu niwe shahidi wa dhuluma. Mama akaweka kipande cha ndizi mkekani, mbele ya mtoto.

Mtoto akakitazama. Akajisukuma. Kitambaa kikakataa. Akalalamika kidogo, akatulia, akafikiri. Ukimtazama uliona anafikiri. Kisha akainama mbele mzima mzima, mpaka uso ukafika mkekani, akaikamata ndizi kwa mdomo kama mwanambuzi.

Afande alipiga paja. "Hiyo ni komando!"

Nilicheka mpaka machozi. Mama naye alicheka, akijaribu kujizuia kwa sababu dawa ilikuwa yake.

Dada hakucheka. Alimwinua mtoto, akamfuta uso, akaushika mkono wa kulia kifundoni na kuupandisha. Kisha akauachia. Ukashuka, ukalala pajani, kiganja kimegeukia nyuma.

"Kwa nini huu haukusaidia?" aliuliza.

Akaupandisha tena, ukashuka tena.

"Mmoja umefungwa. Mwingine uko huru. Kwa nini mwanangu ametumia mdomo?"

Mama alisema mkono haujazoea. Afande alisema mazoezi tu. Lakini nilimwona mama akilifungua lile fundo haraka kuliko alivyolifunga.

Mimi nikishikwa na swali sikai. Kesho yake ilikuwa siku ya soko Mpondwe, na soko la mpakani lina kila kitu, watoto wachanga wakiwemo: migongoni, mapajani, ndani ya maboksi kati ya nyanya na ndala. Nikachukua kijiko cha mbao, nikapita meza kwa meza, nikiwaamkia akina mama na kuwanyooshea watoto wao kijiko, katikati kabisa ya kifua, ili nione watashika kwa mkono upi.

Mama mmoja wa Kongo, muuza vitenge, aliniacha nijaribu mara mbili, kisha akakikamata kijiko yeye mwenyewe.

"We mutu, unatafutaka nini kwa mukono ya mutoto wangu?"

"Mama, nataka kujua anashika na upi."

"Ule uko karibu! Weye ukiona nyama, unachaguaka mukono?"

"Muache," jirani yake akasema. "Pengine iko muganga."

"Muganga gani anapimaka batu na mwiko?"

Walicheka, wakaniita daktari wa mwiko mpaka nilipopotea nyuma ya meza za samaki. Lakini nilikuwa nimeona nilichotaka. Watoto wa umri wa mpwa wangu walikishika kijiko kwa kushoto, kwa kulia, kwa mikono yote miwili, na mmoja kwa mguu. Aliyeshika hivi sasa, nikirudia baadaye alishika vile. Walikuwa kama watu wasiojua bado kwamba kuna pande mbili za kugombaniwa.

Nilirudi kwa dada bila wimbo. Alikuwa anachambua maharage.

"Wale wengine hawana upande," nikamwambia. "Wako tu ndiye mwenye upande."

Ilinichoma kusema hivyo, maana nilikuwa namtoa mrithi wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Dada aliendelea kuchambua mpaka punje za ungo ule zikaisha. Kisha akasema, "Kesho Kasese."

Tulikwenda sote. Afande aliomba ruhusa kazini, mama akamwambia mjukuu kwamba yeye hawezi kubaki, na mimi niliingia garini kabla sijakatazwa. Katika hospitali moja pale mjini tulionyeshwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye alimweka mtoto kwenye godoro na kumchezea njuga, huku na huku, juu na chini, bila kutuangalia. Aliugusa ule mkono wa kulia begani, kwenye kiwiko, kwenye vidole.

"Alizaliwaje?"

"Alikuwa mkubwa," dada akasema. "Kichwa kilitoka, bega likakwama. Mkunga akamvuta."

"Na mkono?"

"Ulikuwa mzito. Waliniambia utarudi wenyewe. Ukarudi kidogo. Nikadhani umerudi." Akaongeza, "Halafu watu wakaanza kubishana kuhusu kushoto."

Sisi watu tukatazama sakafu.

"Mtoto wa umri huu hana mkono anaoupenda," mtaalamu akasema. "Huo huja baadaye, akishapita mwaka, wengine mbele zaidi. Akichagua mapema hivi, usiulize anapenda upi. Uliza ule mwingine una nini."

Mishipa ya fahamu ya bega, alisema, ilivutika siku ya kuzaliwa. Haikukatika, vidole vilikuwa vinashika na kiwiko kimeanza kujikunja, kwa hiyo ilikuwa inaamka. Lakini kuamka si kuinuka. Bega likiachwa hivyo litakakamaa, na mtoto atakua na mkono wa kubebwa tu.

"Utarudi wote?" afande akauliza. Sikuwahi kumsikia akiuliza kitu kwa sauti ya chini namna ile.

"Mkiufanyia kazi, una nafasi nzuri. Kuahidi siwezi."

Akatuonyesha jinsi ya kuupandisha na kuuzungusha, kila mtoto anapobadilishwa nepi. Kisha akasema, "Na mnapocheza naye, mara moja moja, muufunike wa kushoto kwa soksi, kwa muda mfupi, ili wa kulia upate zamu."

Mama akainuka benchini. "Si nilisema!"

"Ulisema nini, nyanya?"

"Kitambaa!"

"Soksi, nyanya. Kidogo tu, kwa mchezo, halafu unatoa. Si adhabu."

Mama alikuwa ameshasikia alichotaka. Tulipofika Kikorongo, barabara inapokata kwenda Bwera, bado alikuwa akimweleza mtoto kwamba daktari mzima amesomea mambo ambayo nyanya yake anayajua bila kusoma. Mtoto alikuwa amelala. Afande alikuwa anatazama dirishani, ameushika ule mkono wa kulia kati ya vidole vyake viwili.

Nyumba ikawa kambi. Afande, aliyezoea kuamrisha watu wazima wakaruka, alijifunza kunong'ona: "Juu. Polepole. Chini. Pumzika." Soksi ilikuwa yake ya jeshi, ya kijani, ikafika mpaka kwapani mwa mtoto. Mama alibaki Bwera na kuacha maharage yake mikononi mwa majirani. Kazi yangu ilikuwa kukaa upande wa kulia na ndizi, kila wakati upande wa kulia, mpaka shingo ya mtoto ikanizoea huko. Mkono ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukarudi pajani. Siku nyingine haukupanda kabisa. Rafiki zangu walinipigia simu kwamba malori ya mavuno yanaondoka Kitswamba, nikawaambia niko njiani. Yaliondoka.

Siku yenyewe hatukuwa tunafanya zoezi lolote. Tulikuwa tunakula mchana. Mtoto aliketi kati yangu na mama, kijiko cha mbao kimejaa mkononi mwake wa kushoto, akikipiga chini kwa furaha. Mimi nilikuwa na ndizi, na kwa kuwa nilidhani mama anatazama sombe, nikamnyooshea kwa mkono wangu ninaouamini.

Akaiona ndizi. Akakitazama kijiko. Hakutaka kukiachia. Akaitazama ndizi tena.

Mkono wa kulia ukaondoka pajani. Ulipanda kama ndama anayesimama mara ya kwanza, kiwiko kikienda kwake, bega likienda kwake. Ukafika katikati, ukasimama hapo. Afande alikuwa na tonge la bundu karibu na mdomo, naye akasimama nalo hapo. Sikuusogeza mkono wangu. Nilitamani kuusogeza, nimpunguzie njia, lakini dada alinitazama na nikaelewa kwamba nikisogea ataniua.

Ukafika. Vidole vikaizunguka ndizi, vikaiponda mpaka ikatokea katikati ya vidole, lakini vikaishika.

Afande akainuka akapiga saluti, tonge likiwa bado mkononi, na sombe likamshukia sikioni. Dada alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Mtoto alitushangaa sote, akaanza kulamba mkono wake mpya.

Mama peke yake hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto, ambao bado ulikuwa umenyooka juu ya sahani ya watu, umejaa mabaki ya ndizi. Nikangoja.

"Leo imepita," alisema, akajifuta macho kwa kiwiko. "Kesho utumie mkono wa watu."

Nikauvuta taratibu, nikaukalia.